Kuahirisha si Kughairi

Kila mwaka, muhula wa Septemba unapokaribia, idara zetu za Kiswahili hupokea orodha ya waliokubaliwa kusomea shahada ya uzamili. Siku ya usajili ikifika, orodha hiyo na watu walioketi darasani havilingani. Majina tisa, mathalan, huzaa wanafunzi wanne. Hawa watano wengine wako wapi?

Ukiwafuatilia utagundua kwamba ni wachache mno waliobadili nia. Wengi bado wanaitaka shahada. Barua ya kukubaliwa wameihifadhi kwenye bahasha moja na vyeti vyao, na ukiwauliza watakujibu kwamba wataenda mwakani. Wasilolifanya ni kumwambia yeyote chuoni. Mwakani ukifika, barua ile huwa imekwisha kufa. Hulazimika kujaza fomu upya, kulipa ada ya maombi upya, kuwasumbua upya wahadhiri wale wale waliowaandikia barua za mapendekezo, kisha kusubiri uamuzi ambao safari hii huenda usiwe ule wa awali.

Maoni yangu ni kwamba ombi la kuahirisha nafasi ya uzamili ni jambo halali na la heshima. Kwamba wanafunzi wetu hawalitumi kwa hofu isiyo na msingi. Na kwamba vyuo vyetu vinachangia kimya hicho kwa kukosa njia iliyo wazi ya kulipokea na kulijibu. Nisieleweke kuwa ninataka kila anayeomba apewe. Wapo wasiostahili, na nitawataja.

Tuanze na lugha, kwani sisi ndio tunaojidai kuwa wenyewe. Kitenzi ‘ahirisha’ kimetokana na Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa neno ‘ahera’: kile kinachokuja baadaye. Anayeahirisha hajaacha, amelisogeza jambo mbele. Kughairi ni kubadili nia, na aliyeghairi hatarajiwi tena. Kusitisha nako ni kulisimamisha kwa muda jambo lililokwisha kuanza. Mtaani maneno haya matatu hubadilishana nafasi bila madhara makubwa. Katika ofisi ya masomo ya uzamili, kila moja lina faili lake. Anayetaka kusogeza mwanzo wa masomo kabla ya kujisajili anaahirisha nafasi aliyopewa. Aliyekwisha kujisajili, akahudhuria muhula mmoja kisha akakwama, anaomba kusitisha masomo, na hilo lina kanuni zake na mara nyingi ada zake. Anayeghairi huiachilia nafasi ikapewa mwingine.

Sasa itazame barua ambayo wengi wetu tungeiandika kwa adabu zetu zote: “Ninasikitika kukuarifu kwamba sitaweza kujiunga na chuo chako mwaka huu.” Mwandishi anadhani ameomba kungojewa. Karani anayeisoma hana kosa akiandika pembeni kwamba mhusika amekataa nafasi, kwa sababu hakuna ombi lolote katika sentensi ile. Kuna majuto tu. Ilinganishe na hii: “Ninaikubali nafasi niliyopewa, na ninaomba idhini ya kuanza masomo Septemba ya mwaka ujao badala ya mwaka huu.” Hapa pana vitenzi viwili vyenye uzito, kukubali na kuomba, na kukubali kumetangulia. Pana tarehe. Karani hana pa kubahatisha. Inashangaza kwamba tuliosomea semantiki miaka minne huandika barua zinazopelekwa ahera badala ya kuahirishwa.

Hofu nayo inatoka wapi? Nadhani inatoka katika hali halisi ya mhitimu wa Kiswahili nchini. Mchukue kijana aliyehitimu shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia. Amesubiri ajira ya Tume ya Huduma za Walimu kwa miaka kadhaa, huku akifundisha kwa kibarua cha bodi ya shule, mshahara wenyewe ukitegemea kama wazazi wamelipa karo. Hatimaye anaona heri ajiendeleze. Anaomba nafasi ya uzamili na kukubaliwa. Mwezi huo huo, kama kwamba walimwengu walikuwa wamekubaliana, Tume inamwajiri na kumtuma Lodwar. Barua mbili mkononi, mwili mmoja. Mshika mawili moja humponyoka, walisema wahenga, naye anachagua mshahara. Hapana mwenye akili timamu atakayemlaumu. Kuikataa ajira ya kudumu baada ya kuisubiri kiasi hicho, ili kwenda kulipa karo usiyokuwa nayo, si ushujaa wa kielimu.

Hata hivyo, kuchagua Lodwar si lazima kuwe kuiua barua ya chuo. Kwanza aulize kama idara inafundisha walimu wakati wa likizo za shule, za Aprili, Agosti na Desemba. Vyuo kadhaa vina utaratibu huo, na huenda anachohitaji ni kubadilisha utaratibu wa masomo wala si kuahirisha. Asipoupata, aombe mwaka mmoja. Mwalimu aliyefundisha insha kwa mwaka mzima katika shule ya upili ambako Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu kwa karibu kila mwanafunzi atarudi na swali la utafiti ambalo hangelipata maktabani. Idara inayomngojea mtu kama huyo haipotezi kitu. Inapata mwanafunzi ambaye pendekezo lake la utafiti halitakuwa nakala ya tasnifu iliyo kabatini.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi sisi wa Kiswahili kuliko wanafunzi wa taaluma nyingine yoyote nchini. Mpango wa Fulbright huwapeleka vijana wa Kenya kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kama wasaidizi wa walimu wa lugha za kigeni. Muda wake ni takribani miezi tisa, kuanzia Agosti hadi Mei, nao haumpi mshiriki shahada. Husoma kozi chache, hufundisha wanaoanza, kisha hutakiwa kurejea nyumbani. Angalia basi jinsi tarehe zinavyogongana: anayeondoka Agosti hawezi kujisajili nyumbani Septemba, lakini Septemba inayofuata atakuwapo, na atakuwa amefundisha ngeli kwa mtu ambaye hajawahi kusikia kiambishi. Sioni kisa kilicho safi kuliko hiki cha kuomba kuahirisha. Muda unajulikana, kurudi kumehakikishwa, faida kwa idara iko wazi. Na bado wapo wanaoondoka bila kuandika hata mstari mmoja, kwa kudhani kuwa mwenyekiti wa idara ataudhika akisikia kwamba wamepata kitu kingine. Mwenyekiti wa idara ya Kiswahili ataudhika kwamba mwanafunzi wake amekwenda kufundisha Kiswahili ng’ambo?

Kisa cha tatu kinauma, kwa sababu anayekawia si mwanafunzi. Kuna waliokubaliwa kwa masharti kwamba wawasilishe cheti cha shahada ya kwanza, nao hawana cheti kwa kuwa alama za somo moja la mwaka wa pili hazionekani katika kumbukumbu za chuo chao. Mtihani aliufanya, karatasi ya mahudhurio aliitia sahihi, ila alama hazipo. Huzunguka kutoka ofisi ya idara hadi ya kitivo, kutoka ya kitivo hadi ya mitihani, na mahafali hupita akiwa bado anazunguka. Huyu naye huona haya kuomba aahirishiwe nafasi, utadhani kosa ni lake! Kwa maoni yangu, ombi la namna hii halifai hata kujadiliwa. Barua ya idara inayothibitisha kuwa alama zinatafutwa ingetosha kumpa mwaka.

Maradhi, uzazi na msiba havihitaji maelezo marefu. Havihitaji pia simulizi ndefu ndani ya barua. Mwombaji aeleze hali kwa sentensi mbili, aambatishe hati ya hospitali ikiwapo, aendelee na mengine. Kamati haikuketi kulizwa.

Linabaki suala la karo, ambalo ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalofichwa kuliko yote. Watu huandika “sababu za kifamilia” pale ambapo sababu ni pesa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, huwafikiria wanafunzi wa uzamili pia, lakini anayeomba hana hakika ya kupata, wala hana hakika kwamba jibu litatangulia siku ya usajili. Je, ufukara ni sababu halali ya kuahirisha? Wapo wahadhiri wanaojibu la, kwa hoja kwamba asiye na karo mwaka huu hatakuwa nayo mwaka ujao. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila imekatwa nusu. Tofauti imo katika mpango. Anayesema “sina pesa” na kukomea hapo ameomba huruma. Anayesema kwamba ameajiriwa Januari, kwamba chama cha akiba na mikopo cha walimu kitamkopesha akitimiza miezi kadhaa ya kuweka akiba, na kwamba kufikia Agosti atakuwa na karo ya muhula wa kwanza, ameleta hoja. Ningemkubali wa pili bila kusita. Tena ningependa kumwona akianza mwakani akiwa na karo kuliko kumwona akianza sasa kwa harambee ya wajomba, kisha akapotelea njiani kabla ya kuandika sura ya pili. Tunawajua wengi wa aina hiyo. Kozi walimaliza, tasnifu ndiyo iliyowamaliza.

Naam, upande wa idara nao una haki ya kusikika, na hapa wanafunzi wenzangu wavumilie. Darasa la uzamili la Kiswahili ni dogo. Watatu wakikosekana, huenda kozi ya fonolojia au ya nadharia za tafsiri isifundishwe mwaka huo, na waliokuja wakalazimika kuchukua kozi wasiyoitaka. Isitoshe, idadi ya wanafunzi ambao mhadhiri anaweza kuwasimamia ina kikomo kilichowekwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Jina la asiyekuja, likikaa kwenye orodha hadi Oktoba, limemzuia mwingine aliyekuwa akingoja nje. Kwa hiyo, kimya chetu kina mtu kinayemuumiza, na mtu huyo aghalabu ni mwanafunzi kama sisi. Barua ya kuomba kuahirisha ikifika Julai, idara inaweza kumwita anayefuata. Ikifika wiki ya tatu ya muhula, haina tofauti na kimya.

Hii ndiyo sababu siwaungi mkono wanaosema kuwa kuahirisha ni dalili ya kutokuwa na bidii. Asiye na bidii haandiki. Ni kweli kwamba methali zetu zenyewe zinagombana kuhusu jambo hili: mmoja atakwambia kawia ufike, mwingine atakuonya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wote wawili wako sahihi, kutegemea kama anayekawia amepeleka habari kwa anayemngojea.

Niliahidi kuwataja wasiostahili. Wa kwanza ni yule aliyekubaliwa hapa, akakubaliwa kwingine, naye anataka vyuo viwili vimngojee hadi aone ni kipi kitampa zaidi. Huyo hafai kuahirishiwa. Achague, na chuo kisichochaguliwa kiambiwe kwa lugha ya kughairi iliyo wazi. Wa pili ni anayeomba kwa mara ya tatu. Mwaka mmoja ni ombi, miaka mitatu ni makao. Wa tatu ni anayebuni sababu. Mama mzazi haugui kila Agosti, na idara za Kiswahili ni ndogo mno kwa uongo kuishi kwa muda mrefu ndani yake.

Kwa wanaokwenda kusoma nje ya nchi, mambo hubadilika kidogo, na kutojua kumewagharimu baadhi yao. Nafasi na ufadhili ni vitu viwili. Chuo cha Uingereza kinaweza kukubali bila taabu kukuwekea nafasi ya uzamili kwa mwaka mmoja, ilhali mfadhili hakuwekei pesa. Kwa kawaida udhamini kama wa Chevening hauhamishwi kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Marekani nako, idara nyingi zinazotoa uzamifu wenye ufadhili hazipendi kuahirisha, kwa kuwa fedha hizo zimepangiwa kundi la mwaka ule, na mara nyingi mwombaji huambiwa aombe upya. Kwa hiyo, mwenye barua ya ng’ambo aandike barua mbili, moja kwa chuo na nyingine kwa mfadhili, na asikiachilie alichonacho hadi majibu yote mawili yawe mkononi.

Turudi nyumbani. Baadhi ya maofisa hulipokea ombi la kuahirisha kana kwamba ratiba ya chuo ni jambo takatifu lisiloguswa na dunia. Historia yetu haiwaungi mkono. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 1989 watahiniwa wa mwisho wa kidato cha sita na watahiniwa wa kwanza wa kidato cha nne wa mfumo wa 8-4-4 walifanya mitihani yao mwaka mmoja, na milango ya vyuo ikasongamana. Kwa miaka mingi iliyofuata, mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa kidato cha nne alikaa nyumbani kwa karibu miaka miwili kabla ya kuitwa chuoni. Wengi wa wahadhiri wanaotufundisha leo ni watoto wa kungoja huko. Migomo ya wahadhiri ya mwaka 2017 na 2018 ilisogeza mihula. Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia nchini, vyuo vyote vilifungwa na kila mwanafunzi akaahirishwa bila kuandika barua. Chuo kikituahirisha sisi, tunaambiwa tuwe na subira. Sioni kwa nini subira hiyo isiwe ya pande mbili, mradi anayeiomba ametoa sababu na tarehe.

Barua yenyewe haihitaji ufundi mkubwa. Iende kwa mwenyekiti wa idara na nakala kwa ofisi ya masomo ya uzamili, au kinyume chake kama barua ya kukubaliwa inavyoelekeza. Itaje nambari ya kumbukumbu ya barua hiyo, jina kamili la programu, sababu kwa ufupi, na muhula ambao mwombaji ataanza. Iulize kama ada iliyokwisha lipwa itahesabiwa. Isizidi ukurasa mmoja. Kabla ya kuituma, si vibaya kuzungumza na mhadhiri unayetarajia akusimamie. Akilijua jambo mapema, huenda akalitetea kwenye kikao ambako wewe hutakuwapo. Ila mazungumzo hayo yasichukue mahali pa barua. “Nilimwambia Profesa pale nje ya ofisi” si kumbukumbu.

Na iandikwe kwa lugha gani? Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Mwanafunzi anayeomba kuahirisha uzamili wa Kiswahili, katika idara ya Kiswahili, kwa mwenyekiti aliyeandika tasnifu yake kwa Kiswahili, hana sababu ya kutafuta Kiingereza cha kuombea. Nimesikia hoja kwamba ofisi ya msajili haitaielewa. Ikiwa ofisi ya chuo kikuu nchini Kenya haiwezi kuelewa sentensi “ninaikubali nafasi niliyopewa”, basi tuna tatizo kubwa kuliko la kuahirisha, na chama chetu kina kazi ya kufanya.

Vyuo navyo vifanye sehemu yao, ambayo si nzito. Barua ya kukubaliwa, pale inapoeleza tarehe ya usajili na kiwango cha karo, iongeze aya moja: kwamba aliyepata kikwazo anaweza kuomba kuahirisha, aombe kwa nani, na kabla ya tarehe gani. Ombi likifika, lijibiwe kwa maandishi ndani ya wiki chache. Jibu liseme muhula wa kuanza, kama karo itakuwa ya mwaka huu au ya mwaka ule, kama nyaraka zilizokwisha wasilishwa zitatumika tena, na siku ya mwisho ya mwombaji kuthibitisha kwamba anakuja. Mistari sita inatosha. Na ombi likikataliwa, sababu iandikwe, ili mwenye kuomba ajue kama ajaze fomu upya pale pale au aelekee chuo kingine akingali na muda.